Uzi: Bili ya gereji ya wakala imekuja mara nne ya makadirio. Tuichambue mstari kwa mstari kabla hela haijatoka

SpanaKumiNaSaba (mwanzisha uzi)

Wadau, kila wiki humu kuna mtu anauliza "hii bili ni halali?" halafu anaweka jumla tu. Jumla haibishaniwi, kinachobishaniwa ni mstari. Naweka bili ya mfano hapa tuifungue. Bei ni za mfano, ila mpangilio ndio ule ule mnaokutana nao kaunta.

Hilux ya dizeli 2.4 (injini 2GD), kilomita 98,400. Lalamiko: taa ya injini inawaka, gari halivuti mlimani. Makadirio yaliyosainiwa: kupima na sevisi, Sh 1,150,000 pamoja na VAT. Bili iliyotoka:

Kupima kwa mashine: 150,000
Nozeli 2 × 1,050,000: 2,100,000
Kufunga nozeli, saa 5 × 60,000: 300,000
Kuingiza namba za nozeli, saa 2: 120,000
Oili lita 9 × 32,000: 288,000
Filta ya oili: 45,000
Filta ya dizeli: 140,000
Pedi za breki za mbele: 320,000
Kubadili pedi, saa 2: 120,000
Kuchonga diski za mbele, saa 2.5: 150,000
Vifaa vidogo 5%: 186,650
VAT 18%: 705,537
Jumla: 4,625,187

Kabla ya kufungua mdomo omba karatasi tatu: makadirio uliyosaini, kadi ya kazi (jobu kadi) yenye maandishi ya fundi mwenyewe, na bili. Watu wengi huondoka na bili peke yake, wakati ushahidi uko kwenye kadi ya kazi. Ndiyo yenye lalamiko kama ulivyolieleza, kilichopimwa, saa ya kuanza na kumaliza, na nani aliruhusu kazi ya ziada. Ukiambiwa "hiyo ni ya ndani", omba upige picha palepale. Wakikataa, andika kwamba wamekataa, tarehe na saa.

Kitu cha nne cha kudai ni spea za zamani. Hizo unaziomba siku ya kuacha gari, si siku ya kulichukua. Andika kwenye kadi: "Spea zote zitakazotolewa zirudishwe kwa mteja."

---

Dizeli Safi

Mkuu, mimi naanza na nozeli (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda) maana ndipo hela ilipo.

Gari halivuti mlimani, taa inawaka. Mashine ikitoa namba ya hitilafu P0087, maana yake presha ya dizeli kwenye reli (bomba linalogawia nozeli dizeli) iko chini ya inavyotakiwa. Namba hiyo haisemi "badilisha nozeli". Inaweza kuwa filta ya dizeli imeziba, hewa inaingia kwenye njia ya kuvuta, vavu ya kudhibiti mvuto kwenye pampu imechoka, pampu yenyewe, au nozeli zinarudisha dizeli nyingi kupita kiasi. Filta ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ya kwanza kuguswa.

Sasa angalia bili: filta na nozeli zimebadilishwa pamoja. Swali la kwanza la kuuliza kaunta: baada ya filta mpya, kabla ya nozeli, gari lilijaribiwa? Kwenye kadi ya kazi panatakiwa kuwa na mtiririko huo. Kama hakuna, hakuna anayeweza kusema kwamba filta ya 140,000 peke yake isingemaliza tatizo.

Swali la pili: kwa nini nozeli mbili na si nne, na kwa nini hizo mbili? Jibu la fundi aliyepima kweli lina namba. Kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni marekebisho ya kila silinda yanayosomwa kwenye mashine, injini ikiwa ya moto na inaunguruma bila kukanyagwa. Silinda nzima hukaa karibu na sifuri. Kwenye 1KD (injini ya dizeli ya Toyota ya 3.0) watu hushika mpaka wa 3 juu au chini, ikivuka hapo ndipo unaanza kuishuku nozeli. Cha pili ni marejesho: unafunga chupa nne kwenye mirija ya kurudisha, unawasha kwa muda maalumu, unalinganisha. Nozeli mbovu inajaza chupa yake haraka kuliko wenzake. Omba namba za silinda zote nne, kabla na baada. "Tuliona zimechoka" siyo kipimo.

Na kuna jambo halionekani kwenye bili, nalo linasema mengi. Nozeli ikitolewa, washa ya shaba ya kukalia haifai kurudishwa, inawekwa mpya. Hapo hakuna washa hata moja. Ama imesahaulika kuandikwa (jambo adimu kwa watu wanaotoza hadi matambara), ama wamerudisha za zamani, ama nozeli hazikutoka. Wenye 1KD wanajua washa ikivuja kinachofuata: moshi wa mwako unaingia kwenye oili, masizi yanaganda kwenye chujio la sampo (bakuli la oili chini ya injini), presha ya oili inashuka, injini inakufa.

---

MamaHilux

Nitajuaje kama nozeli zimebadilishwa kweli? Zote ziko chini ya kava, mimi naona injini imeoshwa tu.

---

Dizeli Safi

Kwa namba, dada. Nozeli za Denso za aina hii zina namba ndefu ya marekebisho iliyochapwa juu yake, pamoja na kile kialama cha miraba cha kusomwa na mashine. Kila nozeli ina yake, na namba hiyo huingizwa kwenye kompyuta ya gari wakati wa kufunga. Kwa hiyo: waombe wafungue kava, piga picha ya namba ya kila nozeli, kisha wakuoneshe kwenye mashine namba zilizomo kwenye kompyuta kwa silinda 1 hadi 4. Namba ya kila nozeli inatakiwa kufanana na ile ya silinda yake kwenye kompyuta. Namba ya kompyuta ikiwa ya zamani na nozeli mpya, kazi haijakamilika: gari litagonga, litatoa moshi na kula dizeli. Kompyuta na nozeli zote zikiwa na namba za zamani, umelipia hewa.

Kava lenyewe ni dakika chache. Mtu akikwambia ni kazi ya nusu siku, anakuchelewesha.

Ile "saa 2" ya kuingiza namba nayo ni ndefu mno. Nozeli mbili, kuandika namba na kuliacha gari lijifunze likiwa la moto, saa moja ni ya ukarimu.

---

KauntaZamani

Nataka kuwatetea kidogo watu wa kaunta, maana humu mnawahukumu bila kuelewa saa zinavyohesabiwa.

Saa za kwenye bili si saa za ukutani. Mtengenezaji ana kitabu cha muda kwa kila kazi, na wakala anatoza muda wa kitabu. Fundi mzoefu akimaliza kwa nusu ya muda, bado unalipa muda wa kitabu, na fundi mgeni akitumia mara mbili, pia unalipa ule ule. Kwa hiyo hoja ya "nilikaa hapo, imechukua saa mbili tu" haikufikishi popote. Mtakuwa mnabishana juu ya kitu ambacho hamkukubaliana.

Hoja inayoshinda ni ya muda uliorudiwa. Kitabu kinahesabu kila kazi kuanzia gari likiwa limefungwa kamili. Kubadili pedi: inua gari, toa magurudumu, fungua kalipa (kishikio cha pedi), funga, shusha. Kuchonga diski: inua, toa magurudumu, fungua kalipa, toa diski, chonga, rudisha, funga, shusha. Kazi mbili zikifanywa pamoja, magurudumu yanatoka mara moja tu, na ya pili inatakiwa kubaki na ule muda wa ziada pekee. Hapa wametoza saa 2 na saa 2.5 kama siku mbili tofauti. Waombe wakuchapishie namba ya operesheni ya kila mstari na muda wake wa kitabu, pamoja na operesheni ya pamoja kama ipo. Ni ombi la kawaida, mfumo wao unaitoa.

Mtego huo huo uko kwenye pampu ya maji ikibadilishwa pamoja na mkanda wa taimingi, sili ya nyuma ya injini wakati gia boksi iko chini kwa ajili ya klachi, na bushi za juu wakati shoko ziko nje tayari.

Halafu diski. Pembeni au ndani ya kofia ya diski kuna maandishi yaliyochongwa, MIN TH na namba ya milimita. Hicho ndicho kikomo. Kabla ya kuchonga unapima kwa mikromita, unaandika, unachonga, unapima tena. Kama kadi haina vipimo viwili, mstari wa 150,000 uombewe kufutwa wote. Pedi mpya hailazimishi diski ichongwe. Hiyo kazi inahitajika kama diski imepinda na usukani unatetemeka ukifunga breki, au ina mifereji mirefu.

---

Gerezani Spea

Nyongeza kwa wenye Toyota, maana ndiyo mengi barabarani kwetu. Omba namba ya spea kwenye kila mstari, siyo jina. Tarakimu tano za mwanzo zinakwambia ni kitu gani:

04465 pedi za mbele
04466 pedi za nyuma
43512 diski ya mbele
48510 shoko ya mbele kulia, 48520 kushoto
23670 nozeli
16100 pampu ya maji
17801 filta ya hewa
90919-01 plagi, 90919-02 koili
89465 sensa ya oksijeni

Umeandikiwa "pedi za mbele" na namba inaanza 04466? Ama wamekosea kuandika, ama umelipia za nyuma ambazo hazijaguswa. Hapo hupigi kelele, unaonesha kidole tu. Tarakimu tano za mwisho zinalingana na gari lako: zichukue pamoja na namba ya chesisi, waulize duka lolote la spea wakuangalizie kwenye katalogi. Magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika mara nyingi yana namba fupi ya chesisi badala ya ile ya herufi na tarakimu 17, katalogi inaisoma vilevile.

Bei usiilinganishe na ya mtaani kichwakichwa. Pedi ya wakala na pedi ya kopi si bidhaa moja, na wakala hakudanganyi kwa kuwa ghali. Anakudanganya akikutoza jenuini akafunga kopi. Boksi tupu lenye lebo ni sehemu ya spea za zamani, lidai pia.

---

Mhasibu Mstaafu

Nimepiga hesabu ya bili hii.

Oili kwanza. Injini ya 2GD pamoja na filta inachukua lita 7.5 hivi. Wametoza 9. Lita 1.5 × 32,000 = 48,000, ukiongeza ile asilimia yao na VAT inafika 59,472. Kama oili ni ya pipa lenye mita, hakuna maelezo ya lita 9. Kama ni ya makopo, kilichobaki ni chako, wakupe kopo.

"Vifaa vidogo 5%" ndipo penye ujanja uliolala. Wamepiga asilimia kwenye jumla yote, pamoja na nozeli za milioni mbili. Matambara na dawa ya kusafishia breki haviongezeki kwa sababu spea ni ghali. Asilimia hiyo ikipigwa kwenye ufundi peke yake (840,000) inakuwa 42,000 badala ya 186,650. Tofauti pamoja na VAT ni 170,687. Na kama asilimia hiyo haikuwemo kwenye makadirio, una haki ya kuuliza ilitoka wapi hata hiyo 42,000.

VAT: hakikisha haijapigwa mara mbili. Duka la spea la wakala linaweza kuwa na bei ambayo tayari ina VAT, karani wa karakana akaihamisha hivyohivyo na kuongeza 18% juu. Chukua bei ya kaunta ya spea, igawe kwa 1.18. Ikitoka ile iliyo kwenye bili, sawa. Bei ya kaunta ikilingana na ya bili kabla ya VAT, umetozwa kodi juu ya kodi.

Na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ilingane na bili hadi shilingi. Proforma (bili ya awali) haithibitishi kwamba umelipa.

---

Bishoo wa Kinyerezi

Mimi nisingelipa hata mia. Kazi sikuiruhusu, nachukua gari langu naondoka.

---

SpanaKumiNaSaba

Utaondoka na nini, mkuu? Funguo ziko kwao. Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) inampa aliyefanya kazi ya ufundi kwenye mali yako haki ya kuishikilia mpaka alipwe ujira wake. Ujira halali, naam, siyo chochote atakachoandika, lakini ubishi wa kipi ni halali utachukua muda na gari limelala kwao. Wengine wanaanza kutoza maegesho kwa siku. Hayo yapinge kwa maandishi siku ya kwanza kama hayamo kwenye fomu uliyosaini.

Njia ninayoiona bora ina hatua mbili. Kwanza peleka barua ya kugawa bili: unachokubali, unachotaka kithibitishwe, unachokataa. Wakigoma kulitoa gari na unalihitaji, lipa kwa benki au simu, si taslimu, na siku hiyohiyo andika:

"Nimelipa Sh ______ kwa bili namba ______ ya tarehe ______ chini ya pingamizi, kwa lengo la kupata gari namba ______ pekee. Malipo haya si kukubali kwamba kazi za mstari wa ______ niliziruhusu au zilifanyika. Nadai marejesho ya Sh ______ ndani ya siku 14."

Nakala mbili, wagonge muhuri wa kupokea kwenye yako. Wakikataa muhuri, tuma kwa barua pepe ya meneja wa karakana hapohapo kaunta. Kimya cha wiki tatu baada ya kulipa kinasomeka kama kuridhika.

---

Mhasibu Mstaafu

Mgawanyo wa bili hii ungekuwa hivi. Isiyo na ubishi: kupima 150,000, oili lita 7.5 ni 240,000, filta mbili 185,000, vifaa vidogo 5% ya ufundi wa kupima 7,500. Pamoja na VAT: 687,350.

Pedi hazikuwa kwenye makadirio. Lakini zikiwa zimefungwa, ni mpya na za zamani zimeonekana zimekwisha, mwenye busara anakubali 320,000 na saa moja ya ufundi. Pamoja na 5% ya saa hiyo na VAT ni 451,940. Hapo unakubali kwa hiari, siyo kwa sababu wana haki.

Nozeli: wakileta namba za vipimo na picha, 2,100,000 na saa 5, na saa 1 ya kuingiza namba, na vifaa vidogo vya ufundi huo, na VAT: 2,924,040. Wasipoleta, sifuri.

Kwa hiyo hata wakithibitisha kila kitu, bili inakuwa 4,063,330. Imeshuka 561,857 bila mtu kupandisha sauti. Barua yenye hesabu namna hii meneja anaisoma. Barua ya "mmeniibia" anaipeleka kwa mwanasheria.

---

KauntaZamani

Nakubali, na ongezeni ruhusa ya kazi ya ziada. Watakwambia "tulikupigia ukasema endeleeni". Kadi ya kazi iwe na jina la aliyepiga, saa, namba iliyopigwa, na kiasi kilichotajwa. Kiasi ndicho kiini: kukubali "tuangalie breki" si kukubali 590,000 za breki. Mtandao wa simu unaweza kuonesha kama simu ilipigwa saa hiyo. Tangu mwanzo sema kwenye kadi: "Ruhusa ya nyongeza kwa ujumbe wa maandishi tu, pamoja na bei."

Barua ianzie kwa meneja wa karakana, nakala kwa meneja mkuu, na kama gari lina chapa ya mtengenezaji wa nje, nakala kwa ofisi ya mtengenezaji ya kanda. Hiyo nakala ya tatu inaamsha watu kuliko ya pili.

---

Baharia wa Likoni

Huku Kenya mambo haya yameandikwa moja kwa moja. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima ya ukarabati wa magari: makadirio yakishatolewa, bili haiwezi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10, kazi isiyoruhusiwa haitozwi, spea zilizotolewa zinarudishwa kwa mteja, na spea mpya pamoja na ufundi wa kuzifunga vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Madai hadi shilingi milioni moja za Kenya unayapeleka Mahakama ya Madai Madogo, na mahakama hiyo imewekewa siku 60 za kumaliza shauri. Bara kwenu mna nini?

---

SpanaKumiNaSaba

Kwetu hakuna kipengele cha asilimia 10, kwa hiyo makadirio uliyosaini ndiyo sheria yako: ukitaka kikomo, kiandike wewe. "Isizidi makadirio bila ruhusa ya maandishi." Mstari mmoja, na unakupa hoja ya mkataba.

Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa na huduma. Malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Wenzetu wa Zanzibar wana tume yao, ZFCC. Peleka malalamiko yaliyofungwa tayari: karatasi tatu, picha za spea na namba, barua yako yenye muhuri, uthibitisho wa malipo, na ukurasa mmoja wa hesabu kama ya Mhasibu. Ukienda kortini, kwa kiasi kama hiki muulize karani wa Mahakama ya Mwanzo kikomo cha thamani kabla ya kulipia ada. Ripoti ya fundi wa pili lazima iwe na tarehe, kilomita, namba ya chesisi na sahihi. Na gari lipimwe kabla halijaguswa na spana ya mtu mwingine, la sivyo utaambiwa fundi wako wa mtaani ndiye aliyeharibu.

---

MamaHilux

Wamesema nozeli za zamani hawana, zimerudishwa kwa msambazaji kwa kubadilishana. Hapo nimekwama?

---

Dizeli Safi

Hapana. Kubadilishana kupo kweli: nozeli, stata, altaneta na steering raki za kuundwa upya huuzwa kwa masharti ya kurudisha ya zamani. Lakini mfumo huo unaacha alama tatu. Bei ya kubadilishana huwa chini ya bei ya nozeli mpya kabisa, kwa hiyo bili iseme ni ipi kati ya hizo. Wao wana hati ya kurudisha yenye tarehe na idadi. Na namba za nozeli za zamani zilikuwa kwenye kompyuta kabla ya kazi, mashine ikitumika vizuri inahifadhi ripoti ya kwanza. Waombe hati na ripoti. Kama bili inasema mpya na mdomo unasema za kubadilishana, dai tofauti ya bei kwanza, mengine yafuate.